Klaunfishi wako anaumwa? Jua kwanza ni nini kabla hujamwaga dawa: mwongozo kamili kwa tangi la nyumbani Nairobi

Wenzangu wa matangi ya maji chumvi, nimeandika hii ju naona watu wanapoteza samaki kwa njia ile ile moja. Klaunfishi anatokea na kitu cheupe mwilini, mwenyewe anakimbia dukani, anauziwa chupa imeandikwa dawa ya madoa meupe, anaimwaga ndani ya tangi kubwa lenye matumbawe, na baada ya siku tatu matumbawe yamejifunga, kamba wamekufa, na huyo klaunfishi ambaye ndiye alikuwa anatibiwa pia amekufa.

Mimi nilipoteza wawili hivyo. Niliwaweka kwenye dawa ya kopa (shaba) siku nne nikiamini wana madoa meupe ya kawaida, kumbe ugonjwa waliokuwa nao kopa haiugusi kabisa. Nilikuwa na dawa sahihi ndani ya kabati siku zote hizo nne.

Kwa hivyo mambo mawili kabla ya yote: usitibu ugonjwa hujaujua, na usitibie ndani ya tangi kubwa. Zingine zote hapa chini zinatoka kwa hayo mawili.

## Vitu vya kuwa navyo, sio siku ya ugonjwa, sasa hivi

Magonjwa mawili kati ya yale utakayosoma hapa chini yanaua kwa siku mbili tatu. Ukianza kutafuta ndoo Jumapili usiku umeshachelewa. Tafuta hivi:

- Ndoo nyeupe tatu za lita 20 zenye vifuniko, mpya, ambazo hazijaona sabuni wala rangi. Kamukunji ziko tele. Nyeupe ju ndani yake utaona ute, minyoo na vitu vidogo ambavyo kwenye ndoo nyeusi huwezi kuona.
- Tangi la wodi, yaani tangi la pembeni la kumtibia mgonjwa, kioo au plastiki, lita 40 hadi 60. Halina mchanga, halina mawe.
- Hita ndogo ya wati 50 au 100 na kipimajoto cha pekee, usiamini namba ya kwenye hita.
- Pampu ya hewa na jiwe la hewa, na pampu nyingine ya betri kwa siku ile stima inapotea.
- Filta ya sponji. Sponji yenyewe iweke ndani ya samp (lile tangi la chini la kuchujia) ya tangi kubwa tangu leo ianze kushika bakteria wazuri, siku ya ugonjwa unaihamisha tu.
- Vipande vya paipu ya PVC vya kujifichia.
- Chumvi ya akwariamu (sio ya kupikia), rifraktomita ya kupima chumvi, kifaa cha kupima amonia, kifaa cha kupima kopa.
- Sirinji za ml 1 na ml 5, glavu, miwani ya kukinga macho, tochi, daftari.
- Dawa mbili: formalini ya asilimia 37 na dawa ya kopa ya samaki wa baharini. Zitafute kupitia daktari wa mifugo anayejua samaki, wapo, na wengi wakikosa jibu watakuelekeza Kabete kwa wenzao wa chuo kikuu.

Kuhusu maji. Maji ya mfereji yana klorini, na borehole nyingi za hapa zina floraidi nyingi, kwa hivyo mimi natumia maji ya RO (yaliyochujwa hadi madini yakatoka) yale ya kurefili mtaani. Ila beba kipimo cha TDS (kinasoma madini yaliyoyeyuka majini) uende nacho ju wengine wanarudisha madini ndio maji yawe na ladha ya kunywa. Ikisoma zaidi ya 10 tafuta pengine. Weka jerikeni mbili za akiba nyumbani muda wote.

### Hewa: hii usiiruke

Nairobi tuko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 81 tu ya ile ya Mombasa, na hiyo inamaanisha maji yale yale, chumvi ile ile, nyuzi 26 zile zile, yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Samaki aliyevuliwa Pwani akapanda basi la usiku kilomita karibu 480 anafika akiwa ndani ya maji ambayo tayari yana oksijeni kidogo kuliko alivyozoea. Sasa muongezee ugonjwa unaoziba matamvua, halafu muongezee formalini ambayo nayo inapunguza oksijeni.

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Wakisema "weka hewa kidogo", hapa weka nyingi. Jiwe la hewa liwe linafanya kazi ndani ya kila ndoo, kila saa, bila kukosa, hata ile ya bafu la dakika tano.

## Hatua ya 1: Kaa chini umwangalie dakika 15

Zima taa ya tangi, acha ya chumba tu, vuta kiti. Usitie mkono.

Hesabu pumzi. Kila akifunga na kufungua mdomo ni moja, hesabu kwa dakika nzima. Wangu wakiwa wazima nahesabu kati ya 60 na 80. Ikipita 100 naanza kuwa macho, ikifika 120 na zaidi hiyo ni dharura. Ndio maana nasema daftari: hesabu wako leo akiwa mzima uandike, ju siku ya ugonjwa utataka namba yake yeye.

Halafu jua ni nini sio ugonjwa. Klaunfishi ni samaki wa ajabu kidogo, anaogelea akiyumba yumba, analala ubavu usiku, mdogo anatetemeka mwili mzima mbele ya jike mkubwa kumwonyesha heshima. Hizo zote ni kawaida. Na kuna hii ya madoa meusi, kama masizi, yanatokea akianza kulala ndani ya anemoni mpya (mnyama wa baharini mwenye mikono inayochoma, ambaye klaunfishi anaishi ndani yake) au tumbawe: ni ngozi inazoea kuchomwa, inapotea yenyewe baada ya wiki kadhaa. Nimejua mtu aliyempiga samaki mzima formalini kwa sababu ya hayo madoa meusi.

Ukimaliza dakika 15 unatakiwa uwe na majibu manne kwa daftari: pumzi ngapi, anakula au anatema, anakaa wapi ndani ya tangi, na ngozi inaonekanaje.

## Hatua ya 2: Pima maji kabla hujalaumu wadudu

Samaki wote wakihema pamoja, wa kila aina, ghafla, hiyo mara nyingi ni maji. Stima ilipotea usiku? Kuna konokono amekufa nyuma ya jiwe? Mtu amepuliza dawa ya mende sebuleni?

Pima amonia, inatakiwa iwe sifuri. Chumvi 1.025 hivi kwenye rifraktomita, joto nyuzi 25 hadi 26. Mwezi wa saba Nairobi usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 na kitu nje, na hita moja ikifa unaamka tangi likiwa 19. Amonia ikionekana badilisha maji asilimia 30 hadi 50, ongeza hewa, subiri saa chache uhesabu pumzi tena. Zikishuka, samaki amepona bila dawa.

Kama maji yako sawa na ni samaki mmoja au klaunfishi peke yao wanaumwa, endelea.

## Hatua ya 3: Tambua ugonjwa

Hapa ndipo watu wanaanguka, kwa hivyo soma polepole. Chukua tochi, chumba kiwe giza, mmulike kutoka ubavuni au kutoka juu, sio mbele. Mwanga ukipita juu ya ngozi kwa ubavu kila kitu kilichoinuka kinaonekana.

Bruklinela. Jina la kisayansi ni Brooklynella hostilis, na inapenda klaunfishi kiasi kwamba wengi wanaiita tu ugonjwa wa klaunfishi. Sio madoa. Ni ute. Ngozi inaanza kupoteza rangi vipande vipande, ile chungwa inafifia kama nguo imepigwa jua, halafu ute mweupe mzito unatokea na unaanza kubanduka kama ngozi inachunika. Samaki anahema haraka, anaacha kula, anakaa juu karibu na uso wa maji au mbele ya pampu akitafuta hewa. Inawapiga sana samaki wa kuvuliwa baharini siku chache baada ya kufika. Sababu ni rahisi, huyu mdudu hana kipindi cha kusubiri chini kwenye mchanga, anajigawanya wawili wawili hapo hapo juu ya samaki, kwa hivyo jana ulikuwa unaona doa la ute karibu na pezi na leo ni samaki mzima.

Velveti. Amyloodinium ocellatum. Hii inaua haraka kuliko zote na mara nyingi inaua kabla hujaona kitu kwenye ngozi, ju inaanza na matamvua. Samaki anahema vibaya sana, anaogelea akiwa amekabili mkondo wa pampu, anakimbia mwanga. Ukimmulika kwa ubavu unaona vumbi laini kama poda ya dhahabu au unga uliopepetwa.

Iki, yaani yale madoa meupe ya kawaida. Cryptocaryon irritans. Chembe nyeupe kama chumvi, zimetengana, zimeinuka. Anajikwaruza kwa mawe. Mara nyingi bado anakula. Sheria ya wafugaji wazee ni hii na haijawahi kuniangusha: ukiweza kuhesabu madoa ni iki, ukishindwa kuhesabu ni velveti, ukiona ute badala ya madoa ni bruklinela.

Hii iki ndiyo imewadanganya watu kuhusu zile chupa za dukani. Doa linakaa juu ya samaki siku 3 hadi 7 halafu linaanguka lenyewe, dawa iwe imewekwa au la. Mtu anaona samaki amesafika, anasema dawa imefanya kazi. Wadudu wako chini wanazaana, na baada ya wiki moja au mbili wanarudi kwa mamia.

Vitu vingine. Kinyesi cheupe kirefu kama uzi na tumbo limeingia ndani huku anakula: minyoo au vimelea vya tumbo. Jicho limevimba au limefanya ukungu upande mmoja: mara nyingi ameumia. Mapezi yanaoza, kidonda chekundu: bakteria. Kitu kama koliflawa kidogo kwenye pezi: ni virusi, haina dawa, haiui kwa kawaida, mpe chakula kizuri umwache.

Kama una mtu mwenye hadubini hata ya shule, muombe aangalie ute kidogo kwenye kioo. Bruklinela inaonekana kama maharagwe yanayotembea, na hapo hakuna kubahatisha tena.

Ukishindwa kabisa kutofautisha, na pumzi zimepita 120, usikae usiku mzima ukifikiria. Nenda hatua ya 4 na umpe bafu la maji yasiyo na chumvi la hatua ya 5, linampa nafuu kwa bruklinela na velveti zote mbili, na ndoo nyeupe itakuonyesha kinachotoka.

## Hatua ya 4: Mtoe, na uwatoe wote

Jaza wodi maji mapya ya chumvi, kiwango sawa na cha tangi kubwa, joto sawa. Weka hita, hewa, sponji, vipande vya paipu. Usiweke jiwe wala mchanga ju vinanyonya kopa, na kesho hutajua samaki yuko kwenye dozi gani.

Samaki wote wanatoka, hata wale wanaonekana wazima. Hii inauma ju kuwashika kunaweza kuchukua jioni nzima na mawe yakavunjika mpangilio, lakini ukiacha mmoja umeacha nyumba ya wadudu. Kamba, konokono, anemoni na matumbawe wanabaki.

Jozi ya klaunfishi usiitenganishe hata kama ni mmoja tu anaonyesha dalili. Ukimtoa dume peke yake wiki kumi, siku ya kurudi jike anaweza kumpiga kama mgeni.

Mshike kwa bakuli au jagi, sio wavu. Samaki wa bruklinela ngozi tayari inachubuka, wavu unamaliza iliyobaki.

Ishara kwamba umefanya vizuri: ndani ya saa moja amesimama wima ndani au karibu na paipu, hajalala ubavu, na pumzi hazijapanda kuliko ulizoandika.

## Hatua ya 5: Matibabu

### Bafu la maji yasiyo na chumvi, dakika 5

Hili ni la huduma ya kwanza, sio tiba. Maji ya RO, lita 8 hivi kwenye ndoo nyeupe, joto sawa kabisa na la wodi. Ongeza baikaboneti ya soda ya kupikia kidogo kidogo hadi pH ikaribie ile ya tangi, halafu endesha hewa kwa nusu saa kabla.

Muingize, anza saa. Wengi wanalala ubavu dakika ya kwanza, wanatisha, halafu wanasimama. Akibaki bila kusogea baada ya dakika moja na nusu mtoe. Dakika 5 zikiisha mtoe hata kama anaonekana sawa. Ukiona vitu kama ufuta mweupe vimelala chini ya ndoo, hao ni minyoo ya ngozi, na hiyo nayo ni jibu.

### Bruklinela: formalini

Formalini haichezewi. Formaldihaidi imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fanya nje kwa balkoni au mlango ukiwa wazi, glavu, miwani, watoto wasiwe karibu, na chupa ifungiwe. Usiiweke kwenye friji, baridi inaigeuza iwe na vipande vyeupe chini ya chupa, na chupa yenye hivyo vipande ni sumu kali zaidi kwa samaki, itupe. Na iwe formalini ya asilimia 37 tu, sio mchanganyiko wa mochari wenye vitu vingine ndani.

1. Weka lita 10 za maji mapya ya chumvi kwenye ndoo nyeupe, nyuzi 25. Jiwe la hewa lifanye maji yabubujike kabisa, dakika 15 kabla.
2. Vuta ml 1.5 kwa sirinji. Changanya kwanza na kikombe cha maji ya hiyo ndoo, ndio umwage pole pole. Utakutana na watu wanaotaja ml 2.5 kwa lita 10. Kwa joto letu la tangi na hewa yetu ya huku juu mimi siipandishi zaidi ya 1.5, ju kadri maji yanavyokuwa na joto ndivyo formalini inavyokuwa kali kwa samaki.
3. Muingize, funika, anza saa. Mara ya kwanza dakika 30. Zinazofuata unaweza kufika 45.
4. Usiondoke. Usijibu simu. Akianza kubingirika na kushindwa kujinyoosha, au akirukaruka juu, mtoe hapo hapo.
5. Mpeleke kwenye maji mapya kabisa, sio wodi aliyotoka. Hii ndiyo sehemu watu wanaruka halafu wanasema formalini haifanyi kazi. Ukimrudisha pale pale wadudu waliobaki wanampanda tena usiku huo huo. Wodi ya zamani isafishe, isugue, iache ikauke kabisa juani.
6. Rudia baada ya siku 2 au 3, jumla mara tatu.

Ukifanya sawa, utaona ute unatoka kama nyuzi ndani ya ndoo, na ndani ya saa 24 pumzi zinaanza kushuka. Wangu wa mwisho niliyemtibu alikuwa 140, kesho yake asubuhi 105, siku ya tatu akala kamba kidogo, na sijui nieleze vipi furaha ya kuona samaki akifuata chakula baada ya siku kama hizo.

Ukikosa formalini kuna wanaotumia metronidazoli ndani ya maji ya wodi, miligramu 250 kwa lita 40, kila baada ya saa 48 kwa siku 10 hadi 14, pamoja na bafu la maji yasiyo na chumvi siku ya kwanza. Ongea na daktari wa mifugo kwanza akupe ya unga. Mimi naiweka ya pili, ila ni bora mara mia kuliko kukaa.

### Velveti na iki: kopa

Kwa hizi mbili kopa ndiyo dawa, na kwa bruklinela haifai, narudia tena. Velveti anza na bafu la maji yasiyo na chumvi ili kupunguza mzigo kwenye matamvua, halafu aingie kopa.

Soma chupa yako ni kopa ya aina gani. Zile zilizofungwa na kemikali nyingine zinafanya kazi karibu miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, zingine zinaishia 0.5 tu. Ukichanganya hizo namba mbili umemuua samaki kwa siku moja. Kifaa cha kupimia nacho kiwe kinasoma aina hiyo hiyo.

Pandisha dozi taratibu kwa siku 2 au 3, akiwa na velveti kali pandisha haraka kidogo. Ikifika, ishikilie siku 30 bila kushuka hata siku moja, pima kila siku wiki ya kwanza. Ikishuka chini siku ya 20, unaanza kuhesabu upya kutoka moja. Na ukiwa na kopa kwenye maji usimwage dawa za kupunguza amonia, zinabadilisha kopa kuwa kali zaidi.

Kwa iki peke yake kuna njia bila dawa, mimi naipenda: ndoo mbili. Unamhamisha kila baada ya saa 72 kwenda ndoo safi iliyokauka, maji mapya, vifaa vipya au vilivyokauka, mara nne. Madoa yanaanguka kwenye ndoo ya zamani na unayaacha huko kabla hayajazaa. Inahitaji maji mengi ya chumvi na nidhamu, na haiponyi velveti wala bruklinela.

### Zingine

Minyoo ya tumbo inatibiwa kupitia chakula, dawa ya maji haifiki ndani kwa samaki anayekula vizuri. Bakteria: maji safi kwanza, antibayotiki kwa maelekezo ya daktari tu, sio vidonge vilivyobaki vya mtoto. Kitunguu saumu kinafanya chakula kinukie vizuri kwake, hakiui mdudu.

## Hatua ya 6: Maisha ya wodini

Kuna samaki wengi hawafi na ugonjwa, wanafia kwenye wodi kwa amonia. Tangi dogo, halina mawe, sponji moja, ni kama chumba bila dirisha. Pima kila siku. Badilisha asilimia 30 kila siku au siku mbili, na kama kuna kopa, maji mapya yawe na kopa ya kiwango kile kile kabla ya kuingia.

Chakula kidogo mara mbili tatu kwa siku. Kamba mbichi wa sokoni ambaye hajatiwa chumvi wala limau, mkate vipande vidogo kama punje ya mchele. Asichokula ndani ya dakika tano kitoe.

Stima ikipotea pampu ya betri iingie kazini ndani ya dakika chache, funika wodi kwa blanketi ibaki na joto. Kama pampu imekufa, chota maji kwa kikombe ukiyamwaga kutoka juu, nimewahi kufanya hivyo kwa zamu na mke wangu hadi saa kumi alfajiri.

Maji ya dawa yanaenda chooni, sio kwenye maua wala mtaro wa mvua.

## Hatua ya 7: Tangi kubwa lisubiri siku 76

Hizi wiki karibu 11 bila samaki ndizo zinawashinda wengi. Vifuko vya wadudu wa iki vinaweza kukaa wiki nyingi kabla ya kupasuka, na 76 ndiyo namba inayowapa muda wote wapasuke wakose samaki wa kukaa. Bruklinela na velveti kwa kawaida wiki sita zinatosha, lakini kama hukuwa na uhakika wa ugonjwa, fanya 76.

Andika tarehe kwa karatasi ubandike kwenye kioo. Endelea kulisha matumbawe kidogo ndio bakteria wasife njaa. Wavu, sirinji, kikombe, hata mkono ulio na maji ya wodi usiguse tangi kubwa. Tone moja la maji linatosha kurudisha kila kitu, na hapo unaanza siku ya kwanza tena.

## Hatua ya 8: Kumrudisha

Anarudi akiwa ametimiza siku 14 wodini bila dawa, anakula, ngozi safi, pumzi zimerudi kwenye namba uliyoandika akiwa mzima. Pitisha kaboni ndani ya filta ya wodi siku mbili kabla, halafu mbebe yeye tu bila maji ya wodi, ju hata kopa kidogo inaua kamba na kuumiza anemoni.

Mwachilie jioni taa zikiwa zimezimwa, jozi kwa pamoja. Kama una anemoni, usimsukume ndani. Amekaa mbali muda mrefu na ute wake wa kumkinga unaweza kuwa umepungua, kwa hivyo atakaribia, ataguswa, atarudi nyuma, atajaribu tena, na inaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa. Acha chumba kimya, na asubuhi kabla hujawasha taa chukua tochi uhesabu pumzi.